Mstari mweusi kwenye eksirei ya mtoto: ni ufa au si ufa?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Rau, Moshi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Alianguka kutoka kwenye mparachichi akatua kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavimba. Tulipiga eksirei, daktari akasema haoni mfupa uliovunjika, lakini akamfunga hogo na kutuambia turudi baada ya wiki mbili. Nyumbani nimeiweka ile picha dirishani, nikaona mstari mweusi umeukata mfupa karibu na kifundo, kutoka upande huu hadi ule. Mfupa wa pili nao una mstari kama huo. Shemeji yangu anasema mkono umevunjika mara mbili na daktari hakuona, anataka tumpeleke kwa mzee mmoja anayechua mifupa. Kama haujavunjika, hogo la nini? Tena mtoto huyu alilelewa na bibi yake kule Maji ya Chai, karibu na Mlima Meru, na meno yake yana rangi ya kahawia. Je, yale maji yamemlainisha mifupa?"

Marahaba, mama, na pole kwa mkono wa kijana.

Nianze na linalokunyima usingizi. Mstari uliouona si ufa. Uko kwenye mkono wake wa pili ambao haukuguswa, uko magotini, vifundoni mwa miguu na mabegani. Mtoto wa jirani mwenye umri kama wake ambaye hajawahi kuanguka popote, mpige eksirei, utaukuta palepale. Ila shemeji yako usimcheke, maana daktari hakumfunga mtoto hogo bure. Mstari si ufa, lakini ufa unaweza kujificha ndani ya mstari. Hapo ndipo hata wanafunzi wangu wa anatomia hujikwaa, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Disemba, watu wakishapanda Uchagani na mbuzi akachinjwa, hebu chungulia mifupa kwenye sufuria ya supu. Mbuzi akiwa mchanga, ncha ya mfupa wa paja huchomoka yenyewe kama kizibo, na pale ilipochomokea utaona uso wenye vilima na mabonde madogo madogo. Beberu mzee hana mchezo huo. Utachemsha mpaka kuni ziishe, ncha iko palepale. Wachinjaji wazoefu hulijua hili hata kabla ya kupika: kwato za mnyama mchanga ukizivunja pale juu yake, mfupa huachia kwenye mstari wa mabonde hayo, mwekundu na wenye unyevu, wa mnyama mzima hauachii hapo, itabidi ukate kwenye kiungo. Mimi nikiwa na shaka kama nimeuziwa mbuzi mchanga au beberu aliyechoka, nyama siitazami. Natazama mfupa.

Kizibo kile kwa lugha yetu ya darasani kinaitwa epifisi. Mahali kinapoachia panaitwa bamba la ukuaji, na hilo bamba ndilo mstari wako mweusi.

Mfupa mrefu, uwe wa paja, wa muundi au wa mkono, katikati ni bomba: ukuta mnene mgumu, ndani uboho. Sehemu hiyo ni diafisi, yaani shina la mfupa. Bomba likikaribia mwisho wake hutanuka kama mdomo wa tarumbeta, na huko kutanuka tunakuita metafisi. Hapo ndipo linapolala bamba la ukuaji, halafu epifisi, halafu juu kabisa gegedu jeupe linaloteleza, lile linalong'aa kwenye kongoro. Gegedu hilo la juu halina mshipa wa damu wala wa fahamu, hulishwa na ute wa kiungo, na unene wake ni milimita chache tu. Hilo leo tuliache, halimhusu kijana wako.

Kwa nini ncha zitanuke? Mfikirie mama anayeteremka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani. Chini ya mkungu kuna kata. Kata haipunguzi uzito hata gramu moja, inautandaza tu ili usichome sehemu moja ya utosi. Ncha pana ya mfupa ni kata ya kiungo. Na ndani yake si bomba tena, kumejaa vijiti na vibamba vyembamba vya mfupa vilivyosukana kama sega la nyuki, vimepangwa kufuata njia ambayo uzito hupitia. Ndiyo maana ncha ni nene lakini haizidi kuwa nzito.

Sasa huo weusi. Eksirei huona kalsiamu. Penye kalsiamu nyingi mionzi huzuiwa na picha huwa nyeupe, pasipo nayo mionzi hupenya na picha huwa nyeusi. Bamba la ukuaji bado ni gegedu, halijaingia kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo picha inapaonyesha kama pengo. Si pengo, mama. Pamejaa. Ungempiga picha mtoto aliyezaliwa jana ungeshtuka zaidi, maana ncha zake karibu zote ni gegedu tupu na mifupa huonekana kama inaelea bila kugusana. Ncha ya chini ya mfupa wa paja, pale gotini, huwa imeshaanza kuwa mfupa mtoto akizaliwa kwa wakati wake. Ile ya radiusi, mfupa wa mkono wa upande wa dole gumba, huanza kuonekana kifundoni mtoto akikaribia mwaka 1. Ya jirani yake ulna, upande wa kidole cha mwisho, husubiri mpaka miaka 5 au 6. Mistari miwili uliyoiona ni ya hao wawili.

Ndani ya bamba kuna kazi isiyolala. Upande wa ncha zimekaa seli za akiba, zimetulia. Zinazofuata hugawanyika na kujipanga safu safu, moja juu ya nyingine, kama chapati kwenye hotipoti. Chapati mpya zikiongezwa juu, zile za chini huanza kuvimba, kuta zinazozizunguka huingia kalsiamu, kisha hufa. Mishipa ya damu kutoka upande wa shina hupenya kwenye vyumba vilivyoachwa wazi, na pamoja na damu huingia seli za ujenzi zinazopiga mfupa juu ya kuta zilezile. Kwa hiyo mfupa haurefuki kwa kuvutika kama mpira. Fundi anaongeza kozi ya tofali chini ya paa, paa linasogezwa mbali, halafu kozi nyingine.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulionyesha hili alikuwa mchungaji wa kanisa, Mwingereza Stephen Hales, mwaka 1727. Alitoboa matundu mawili madogo kwenye mfupa wa mguu wa kifaranga, yakiwa yameachana nusu inchi. Miezi miwili baadaye mfupa ulikuwa umerefuka, lakini kati ya matundu bado ilikuwa nusu inchi ileile. Urefu wote mpya ulikuwa umeongezeka nje ya matundu, kuelekea kwenye ncha. Hapa Moshi wachungaji tunao na kuku tunao, ila sijasikia aliyerudia.

Ncha mbili za mfupa mmoja hazifanyi kazi sawa. Wanafunzi huwa nawaambia hivi: mkono hukua kwa kukikimbia kiwiko, mguu hukua kwa kulifuata goti. Radiusi hupata karibu robo tatu ya urefu wake, au zaidi kidogo, kutoka kwenye bamba la kifundoni. La kiwikoni hutoa kilichobaki. Mfupa wa paja nao hupata takriban asilimia 70 kutoka kwenye bamba la gotini, kama sentimita 1 kwa mwaka mtoto anapokua. Nakutajia hizi hesabu kwa sababu kijana wako ameanguka juu ya bamba lenye kazi kubwa kuliko yote katika ule mfupa, na kwa miaka 12 bado ana miaka kadhaa ya kukua. Bamba hilo la radiusi hufunga, yaani hugeuka mfupa mtupu, wasichana wakiwa na miaka 15 hadi 17 hivi na wavulana 17 hadi 19. Hata kwa wavulana homoni inayolifunga ni estrojeni, ile tuliyozoea kuiita ya kike. Na kwa kuwa umri wa bamba kufunga unajulikana, FIFA, kuanzia Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono. Mchezaji anayesema ana miaka 16 huku radiusi yake imeshafunga kabisa atapata taabu kueleweka.

Nirudi sasa kwa shemeji, maana yeye naye ana nusu ya ukweli.

Zile chapati zinazovimba ndizo udhaifu wa bamba zima. Zimetanuka, kuta kati yao zimekuwa nyembamba, na bado hazijashika kalsiamu. Vile vilima na mabonde ulivyoviona kwa mbuzi vipo ili ncha isiteleze kirahisi, kama bati linavyokaa juu ya bati la mgongo mmoja, lakini nguvu ya mtoto wa kilo 35 anayetoka juu ya mparachichi hushinda. Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kano za mtoto zina nguvu kuliko bamba lake. Ajali ambayo kwako wewe ingetegua kifundo, kwa mtoto huachanisha bamba. Kwa hiyo mtu akiniambia kuhusu mtoto "ameteguka tu", hilo neno "tu" huwa silipokei haraka.

Mwaka 1963 madaktari Salter na Harris wa Toronto, Kanada, walizigawa ajali za bamba hili katika aina tano, na mpaka leo ndivyo tunavyofundisha. Katika aina ya kwanza bamba linaachana, ncha inateleza kidogo, mara nyingi inarudi yenyewe mahali pake, na picha inaweza kuwa safi kabisa. Aina ya pili ndiyo inayowapata wengi: ufa unapita kwenye bamba kisha unatokea kwenye metafisi na kukata kipande cha pembe tatu. Ya tatu na ya nne hupasua epifisi yenyewe mpaka kwenye uso wa kiungo, na hapo mara nyingi chumba cha upasuaji kinahusika. Ya tano ni bamba kugandamizwa. Ni nadra, na ndiyo ninayoiogopa, kwani siku ya kwanza haionyeshi chochote, unakuja kuijua baada ya miezi mingi mfupa unapogoma kurefuka.

Umeona mtego? Ya kwanza haionekani kwenye picha. Inaonekana kwa kidole. Nina hakika daktari alibonyeza kifundo cha mtoto polepole, mfupa mzima, na alipofika juu ya mstari mtoto akaruka. Mstari wenyewe ni wa kawaida, lakini maumivu yaliyokaa juu ya mstari, pamoja na uvimbe, tunayahesabu kuwa ni mfupa uliovunjika mpaka tuhakikishe vinginevyo. Hakukuficha kitu. Alikwambia haoni, na ni kweli haoni, ila pengine angekueleza zaidi kwa nini anafunga asichokiona. Hapo nakubaliana na wewe. Picha ya pili baada ya wiki mbili inaweza kuonyesha mfupa mpya mwembamba ukijengeka pembeni, na hapo ndipo atajua alikuwa amefunga nini.

Kuhusu mzee wa kuchua. Wapo wazee wanaonyoosha mifupa vizuri, sikatai, na babu zetu hawakuwa na eksirei. Lakini bamba la ukuaji halichuliwi. Ikipita wiki moja hivi tangu ajali, seli zimeshaanza kushikana, na kulivuta au kulisugua wakati huo ni kukwangua zilezile chapati zilizobaki. Sisi wenyewe hospitalini mtoto akichelewa kuja, ncha ikiwa imekaa upande kidogo, mara nyingi tunaiacha. Mfupa wa mtoto ulio karibu na bamba linalokua kwa kasi hujinyoosha wenyewe mwaka hadi mwaka, kwa kiasi kinachowashangaza wazazi. Kisichojinyoosha ni bamba lililouawa. Niliwahi kumpokea binti aliyechuliwa kifundo kwa wiki kadhaa akiwa na miaka 10. Alikuja akiwa na 13: radiusi ilikuwa imesimama, ulna imeendelea kukua, kifundo kimepinda kuelekea dole gumba na mfupa wa pembeni umetokeza kama gunzi. Mkono wa namna hiyo tunaweza kuusaidia, lakini kwa kisu, na haurudi kuwa kama ule mwingine.

Hilo halimaanishi kijana wako yuko njiani kwenda huko. Watoto wengi sana wanaoumia bamba la radiusi hupona bila kasoro, na hogo kwa kawaida hukaa wiki tatu hadi sita, daktari wake atapanga. Ninachokuomba ni kurudi hata baada ya hogo kutolewa na mkono kuonekana mzima. Miezi sita baadaye piga picha nyingine. Tafuta, au mwombe daktari akuonyeshe, mstari mweupe, safari hii mweupe, mwembamba, kwenye metafisi. Ni alama ya siku mfupa ulipopunguza mwendo kwa sababu ya ajali, mfano wa duara ndani ya shina la mti lililokatwa. Mtoto aliyeugua sana huwa nayo pia. Ikiwa mstari huo mweupe umesogea mbali na bamba na uko sambamba nalo mwanzo hadi mwisho, bamba linafanya kazi sawasawa, lala usingizi. Ikiwa umeinama na upande mmoja umeungana na bamba, upande huo umesimama, na hapo usichelewe kumwona bingwa wa mifupa.

Maji ya Chai sasa. Maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, inatoka kwenye miamba ya volkano, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kudumu ya mbele hujengwa ndani ya ufizi kabla ya miaka 8 hivi, kwa hiyo rangi ile aliipata kwa bibi, haitafifia, na haisemi kwamba mifupa yake imelainika. Floraidi nyingi kwa miaka mingi huumiza mifupa kweli, na kwa watoto wasiopata kalsiamu ya kutosha inaweza kuleta matege. Lakini picha uliyonayo inaweza kukujibu. Wewe mwenyewe umesema ni mstari. Bamba la kawaida ni jembamba na kingo zake zimenyooka. Mfupa unapokuwa laini bamba hutanuka, na ukingo wa metafisi hufumuka kama pindo la khanga iliyochakaa, tena huingia ndani kama kikombe. Daktari asingeliacha hilo bila kulisema, na miguu ya mtoto nayo ingekuwa imeshapinda.

Bibi yake mwambie kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huwa na floraidi, apunguze. Kule Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wametumia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi inafanyika: mfupa uliochomwa huidaka floraidi kama vile ulio hai unavyoidaka.

Mawili ya haraka. Kwanza, vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi, au maumivu yakizidi ndani ya hogo, usisubiri tarehe ya kurudi, nenda hata kama ni usiku. Pili, na hili ni kwa watoto wako wote: mtoto mwenye homa anayelia ukigusa karibu na goti au bega, na hataki kuutumia mguu au mkono huo, anaweza kuwa na usaha ndani ya mfupa hata kama hakuanguka. Vijidudu hupenda metafisi, kwa sababu mishipa midogo ya damu hugeuza kona pale chini ya bamba na mwendo wa damu hupungua. Mwenye selimundu yuko hatarini zaidi. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, na asichuliwe.

Picha ya kwanza usiitupe wala usimwachie shemeji. Iweke ndani ya bahasha yake, isikunjwe, uende nayo tarehe ya kurudi na ile ya miezi sita, maana daktari atataka kuzishika picha zote kwenye mwanga kwa pamoja.